Tujue Nani Hana Pa Kulala

Mada iliyotolewa na Katibu wa Kikundi siku ya kilele cha sherehe za miaka kumi



Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima. Pili nawashukuru wanakamati kwa kunipa nafasi. Waliniambia niseme machache juu ya mafanikio ya daftari, kwa kuwa mimi ndiye ninayeliandika tangu tulipoanza. Mafanikio Mweka Hazina amekwisha kuyasoma na mmeyapigia makofi. Mimi naomba niseme kosa moja lililomo katika daftari hilo, kosa nililoliandika kwa mkono wangu, kisha niwaombe jambo.

Kuna mwenzetu mmoja humu. Ameniruhusu nieleze habari yake bila kumtaja jina. Huyu alikuwa akinunua hisa tano kila Jumatano, hata viazi vilipokuwa vya bei ya kutupa. Halafu akanunua tatu. Halafu moja. Halafu hakuja. Katiba yetu inasema asiyefika bila taarifa alipe faini, basi nikaandika faini. Wiki iliyofuata nikaandika tena. Wapo waliosema huyu sasa anatukimbia na mkopo wetu, na mimi sikubisha.

Wiki ya sita nilimkuta bombani anateka maji. Mumewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Hilo tulilijua, msibani tulikwenda na rambirambi tulitoa. Tusilolijua ni kwamba baada ya arobaini ndugu wa marehemu walimwambia apishe nyumba. Alikuwa amerudi kwa kaka yake na watoto wawili, na walikuwa wanalala jikoni, pembeni ya mafiga, na mbuzi upande wa pili wa ukuta. Nilipomuuliza mbona hukutuambia, alinijibu hivi: "Dada Katibu, kila Jumatano mnaniuliza hisa ngapi. Hakuna aliyeniuliza ninalala wapi."

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Tano, tatu, moja, sifuri, faini, faini. Jamani, daftari lilikuwa limekwisha kusema. Sisi ndio hatukulisoma.

Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kikundi hiki tumeishika methali hiyo miaka kumi, na hakuna shilingi yetu iliyopotea. Lakini mwenzetu alipotea mbele ya macho yetu, naye alikuwa ameandikwa. Ndiyo maana leo naomba tuongeze kitabu cha pili ndani ya sanduku letu. Si cha fedha. Ni cha makazi.

Asiye na makazi huku kwetu hana sura tunayoifikiria

Mtu akisema "asiye na makazi", sisi watu wa Lushoto tunamfikiria mtoto anayelala barazani Kariakoo. Tunasema huku milimani hakuna watu wa namna hiyo. Ni kweli, huwaoni. Baridi ya mwezi wa saba haimruhusu mtu kulala nje, na undugu wetu haumruhusu jirani kumwacha mtu nje. Atachukuliwa, atapewa mkeka. Undugu huo ni jambo jema, na Mungu autunze. Ila ndio huohuo unaolificha tatizo. Mtu anahamia jikoni kwa kaka, kisha sebuleni kwa shangazi, kisha chumba cha rafiki, na kila mwenye nyumba anadhani ni wa kwake peke yake.

Hebu tuhesabu kwa vidole. Yuko mjane aliyeambiwa apishe. Yuko aliyeachika, akarudi kwao na kukuta chumba chake kimepewa mke wa kaka. Yuko bibi anayelea wajukuu katika nyumba ambayo fito zake zimeoza, na hana wa kumsaidia kukandika. Yuko msichana tuliyempeleka Dar es Salaam au Tanga kufanya kazi za ndani, amefukuzwa usiku na nauli ya kurudi hana. Na iko familia nzima iliyochimba ubavu wa mlima ikajenga chini ya ukingo. Leo wana nyumba, lakini mvua moja kubwa inaweza kuwafanya wasiwe nayo. Wote tumesikia yaliyowapata wenzetu wa Katesh, wilaya ya Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, tope la mlima liliposhuka na kuua watu zaidi ya 80.

Mtu ataniuliza: si serikali imehesabu? Imehesabu, na kazi nzuri imefanyika. Sensa ya Watu na Makazi ilifanyika tarehe 23 Agosti 2022. Makarani walikuja na vishikwambi, na kwa mara ya kwanza majengo nayo yakahesabiwa. Tukajulikana kuwa Watanzania 61,741,120, na mkoa wetu wa Tanga watu 2,615,597. Hata waliolala nje usiku wa kuamkia siku ile walihesabiwa.

Lakini sikilizeni kitu kimoja. Sensa inahesabu kwa kaya, yaani watu wanaokaa pamoja na kula pamoja. Sasa mwanamke anayelala jikoni kwa kaka yake, karani atamwandika wapi? Atamwandika kwenye kaya ya kaka. Ana paa, ana chungu, amehesabiwa. Karani hakukosea, maana hakutumwa kuuliza kama mama huyu anaweza kuambiwa kesho aondoke. Tena sensa huja mara moja kwa miaka kumi, na mtu anaweza kupoteza nyumba kwa siku moja. Swali hilo inabidi aliulize jirani, na aliulize mara kwa mara.

Kwa nini watu wetu wanaogopa kuhesabiwa

Najua tukianza kupita nyumba kwa nyumba kuna wazee watakaotufungia mlango. Tusiwalaumu. Katika milima hii kuhesabiwa hakujawa habari njema siku zote. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, na nyumba ilihesabiwa ili ilipiwe. Wakaja Waingereza. Kuanzia mwaka 1946 bonde la Mlalo likawekewa mpango wa kuokoa udongo, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta mashambani. Waliopinda mgongo wakichimba wengi walikuwa akina mama. Watu walikataa, wakagoma, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa.

Udongo ulikuwa kweli unamomonyoka. Tatizo ni kwamba waliopima walikuwa wengine, walioamua walikuwa wengine, na wa kushika jembe wakawa mama zetu na bibi zetu. Kwa hiyo mzee akikuuliza "hiyo hesabu ni ya nani?", usimwone mjinga. Ameuliza swali la maana kuliko yote. Na sisi lazima tuwe na jibu: hesabu hii ni yetu, itakaa kwetu, na kila jina litakaloandikwa litakuwa na mtu wa kulifuatilia.

Waliotutangulia

Hatuanzi sisi. Mwaka 1985, huko India katika jiji la Bombay ambalo leo linaitwa Mumbai, watu waliojenga vibanda kandokando ya barabara walikuwa katika hatari ya kubomolewa. Shirika dogo linaloitwa SPARC, lililoanza mwaka 1984, lilishirikiana nao kuhesabu vibanda hivyo, kaya zipatazo 6,000. Taarifa yao waliipa jina lenye maana ya "Sisi, Wasioonekana". Watu wa jiji walidhani wale ni wageni wa kupita. Hesabu ikaonyesha kuwa wengi walikuwa wamekaa pale miaka mingi, wana kazi, na wanalala barabarani kwa sababu kazi iko karibu na nauli hawana. Mwaka uliofuata akina mama wa vibanda hivyo wakaunda chama cha kuweka akiba, Mahila Milan, maana yake wanawake pamoja. Hesabu na akiba vikaenda mkono kwa mkono. Nyumba hawakuzipata upesi, ilichukua miaka. Ila tangu hapo mkubwa hakuweza kusema hawapo.

Turudi kwetu Tanzania. Kurasini, Dar es Salaam, watu walitakiwa kuondoka kupisha upanuzi wa bandari. Mnajua fidia inavyokwenda: humwendea mwenye nyumba, na mpangaji huambiwa afunge virago. Vikundi vya kuweka na kukopa vya watu wa kipato cha chini, vikisaidiwa na shirika la CCI lililoanza mwaka 2004, viliwaorodhesha watu, wapangaji wakiwemo. Wakajua ni nani anahama, ana nini na anaweza kuchanga kiasi gani. Kwa akiba zao wakanunua ekari 30 kule Chamazi, na akina mama wenyewe wakafyatua matofali. Nyumba zilisimama kidogo kidogo, na Chamazi ni mbali na kazi za mjini. Sisemi ilikuwa rahisi. Nasema mpangaji ambaye hakuwa kwenye karatasi yoyote aliingia kwenye orodha, na kutoka kwenye orodha akaingia kwenye kiwanja.

Mfano wa tatu unatoka kwa matajiri, mtashangaa. Marekani nako kuna watu wanalala nje, na kwa kawaida miji huwahesabu usiku mmoja wa mwezi Januari. Mji wa Rockford, katika jimbo la Illinois, uliona hesabu ya mara moja haitoshi. Wakaanza kuandika orodha ya majina, kila mtu na shida yake, wakawa wanaipitia mara kwa mara, ofisi zote zikikaa meza moja: huyu amefikia wapi, nani anamshughulikia? Mwaka 2015 wakatangaza kuwa wamelimaliza tatizo hilo kwa wanajeshi wastaafu wa mji wao, na mwaka 2017 kwa watu waliokaa nje muda mrefu. Kulimaliza kwao si kwamba hakuna tena anayepoteza nyumba. Maana yake anayepoteza anajulikana upesi na kupatiwa nyumba upesi.

Mnaona tofauti? Ukisema "wajane kumi hawana makazi", watu watasikitika na kwenda kula. Ukisema "Mama Fulani analala jikoni, mvua za masika zinaanza wiki ijayo, na mabati anayo ila hana fito", hapo kila mtu anajua la kufanya.

Kitabu chenyewe kiwe namna gani

Napendekeza maswali matano tu, kwa lugha ya kawaida, na anayetaka Kisambaa aulizwe kwa Kisambaa.

La kwanza: Unalala wapi, na mko wangapi katika chumba hicho? La pili: Nani anaweza kukuambia uondoke? La tatu: Kuna karatasi yoyote, na jina la nani limeandikwa? La nne: Nyumba ina hali gani, yaani paa, kuta, na ukingo ulio juu yake? La tano: Kuna mtu wa nyumba hii aliye mbali ambaye hamjui analala wapi?

Swali la pili ndilo moyo wa kitabu. Mwenye nyumba ya tofali za kuchoma na bati jipya anaweza kuwa karibu zaidi na kukosa makazi kuliko mwenye kibanda cha udongo. Usipouliza, bati litakudanganya.

Kazi tuigawe kwa vitongoji, wawili wawili, na tuanze na wanachama wenyewe kabla ya kwenda kwa majirani. Tupitie kila miezi mitatu. Na kila Jumatano mimi Katibu nisome hisa kwa jicho lingine: mtu akishuka wiki tatu mfululizo, kabla ya faini aende mtu kumjulia hali.

Juu ya siri naomba mnisikilize sana. Kitabu hiki kinaweza kumdhuru mtu. Shemeji mwenye tamaa akijua mjane fulani hana karatasi, atamwahi. Kwa hiyo kikae ndani ya sanduku la kufuli tatu, kifunguliwe mbele ya wenye funguo wote. Asiyetaka kuandikwa asiandikwe, na anayetaka kufutwa afutwe. Mgeni akitaka hesabu apewe idadi, majina asipewe. Hata sheria ya nchi inaelekea huko, maana tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nasi tuweke kifungu katika katiba yetu: anayetoa siri ya kitabu cha makazi si mwenzetu.

Tukishajua, tufanye nini

Kuandika peke yake hakujengi nyumba. Kila jina liwekewe njia yake.

Ikiwa ni karatasi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya wote wawili, mume na mke. Akina baba mliopo hapa, hili mlifanye mkiwa hai na mkiwa mnapendana. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Wangapi humu walikuwa wanajua? Naona mikono michache.

Ikiwa ni mirathi: mambo ni mazito, tusijidanganye. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa makabila ya ukoo wa baba zinamnyima mjane mwenye watoto urithi wa mume. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kuwa kanuni hizo ni za ubaguzi lakini haikuzifuta, nao wakafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema haki zao zilivunjwa. Kwa Waislamu, mjane mwenye watoto ana thumni yake, mashehe mtanisahihisha. Kwa hiyo haki huwa ipo, lakini mtu akienda kuidai peke yake, amevaa nguo za msiba na watoto mgongoni, hurudi kimya. Akienda na wenzake wawili wenye kitabu kinachoonyesha amekaa nyumba hiyo tangu lini na alichangia nini, husikilizwa. Tuanze na wazee wa ukoo, kisha baraza la ardhi la kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe saba na angalau watatu ni wanawake, kisha mahakama pale inapobidi.

Ikiwa ni nyumba yenyewe: hapo tunao msaragambo, urithi wa wazee wetu. Siku moja ya watu thelathini inakandika nyumba. Mfuko wa jamii utoe misumari na mabati, na fito na nguvu tutoe sisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ikiwa ni ukingo wa mlima: orodha ya nyumba zilizo hatarini ipelekwe serikali ya kijiji kabla ya masika, na kila nyumba ijue italala kwa nani mvua ikizidi siku tatu.

Ikiwa ni msichana aliye mbali: tuandike mtaa anakofanya kazi na namba ya simu, na tumwambie waziwazi kuwa mlango upo na nauli itatafutwa. Wengine wanavumilia mabaya kwa sababu wanadhani hawana pa kurudi.

Hitimisho

Ndugu Mgeni Rasmi, yule mwenzetu niliyemtaja mwanzo yumo humu ukumbini. Faini zake tulimrudishia na nilimwomba radhi mbele ya kikundi. Sasa ana chumba cha kupanga, na shauri la nyumba bado linaendelea. Sikuja na hadithi iliyokwisha vizuri. Nimekuja na ombi.

Baada ya wiki mbili tutagawana fedha za mzunguko huu. Naomba kabla ya mgao tuamue mambo mawili kwa kunyoosha mikono. La kwanza, kitabu cha makazi kianze. La pili, sehemu ya mfuko wa jamii itengwe kwa ajili yake, kiasi mtakachoona kinafaa. Najua mgao utapungua kidogo, na najua kila mmoja ana karo na mbolea zinazomsubiri. Hata mimi ninazo. Lakini hakuna hata mmoja wetu ambaye, akijibu lile swali la pili kwa ukweli, ana hakika kuwa hatahitaji kitabu hiki.

Miaka kumi tumeulizana "hisa ngapi?" Tuendelee kuulizana, ndiyo iliyotufikisha hapa. Ila kuanzia Jumatano ijayo tuulizane na hili: "Unalala wapi, mwenzangu?"